Dawa kwa Njia ya Mpira



Tulipomtembelea mzee mmoja hapa Wesha aliyepooza kwa kiharusi, tulimkuta mkaza mwana wake akilia. Mpira wa kulishia, upitao puani hadi tumboni, ulikuwa umeziba. Alichanganya dawa ya maji na uji ili asimsumbue mgonjwa mara mbili, vikagandana. Ikabidi mzee apelekwe Chake Chake akawekewe mpira mwingine. Mama yule hakukosa upendo, alikosa kuelezwa.

Basi tukumbuke haya. Nawa mikono, kisha mwinue mgonjwa kichwa na kifua. Tazama alama ya mpira pale puani. Ikiwa imesogea, au mgonjwa anakohoa na kubanwa pumzi, usitie kitu, muite muuguzi.

Simamisha chakula, upitishe maji safi kwa bomba lisilo na sindano. Mtu mzima hupewa kiasi cha mililita 30; mtoto hupewa kidogo zaidi, kama ulivyoelekezwa hospitali. Dawa nzito izimue kwa maji. Kila dawa ipite peke yake, maji kidogo katikati, na maji tena mwishoni. Mwache ameinuka kwa nusu saa au zaidi.

Mpira ukiziba, usisukume kwa nguvu wala usichokoe kwa waya. Jaribu maji ya uvuguvugu, taratibu. Na kidonge usikisage kabla ya kumwuliza mfamasia, kwani vingine havisagwi.

Kuuliza si ujinga. Mungu awatie nguvu nyote mnaouguza.