Nyumba ya Mungu Ina Kufuli

Jumapili iliyopita, hapa Mwala, mhubiri alimwambia mjane asiye na pa kulala kwamba nyumba anayo. Wala hakumnong'oneza. Alimsimamisha mbele ya watu, akamshika bega, akavuta maikrofoni: mwaitu, usilie, nyumba yako ni upendo wa Mungu, na humo hakuna shemeji wa kukufukuza. Kanisa zima likapiga makofi. Nami nikapiga, mikono haina akili. Saa saba na nusu ibada ikaisha, mzee wa kanisa akazungusha mnyororo langoni na kubana kufuli kubwa kama kiatu cha mtoto, kila mtu akashika njia kwenda kula muthokoi wake. Mama wa watu akabaki kando ya lango na gunia la nguo na kijana wake wa darasa la pili, akiitazama kupitia vyuma ile nyumba aliyopewa muda si mrefu.

Mashemeji walimtoa wiki mbili baada ya matanga. Waliezua mabati wakiimba pambio, niliwasikia mwenyewe.

Nimechoshwa na hii imani yetu ya kwamba upendo wa Mungu ni kimbilio la moyoni, basi. Mtu akinyang'anywa shamba, akipigwa, akifukuzwa usiku, dawa yake ni kufumba macho mpaka ahisi amekumbatiwa. Akihisi, tumemaliza kazi. Asipohisi, imani yake ndiyo haba! Sasa niulize: mvua ya Novemba ikishuka Ukambani, inampita aliyekumbatiwa? Kimbilio lina mlango, na mlango unafunguliwa na mtu mwenye ufunguo. Mnionyeshe mwenye ufunguo, nami nitasema amina kwa sauti.

Hata Biblia wanayoipunga haijui kimbilio la hewani. Fungueni Hesabu, sura ya 35. Musa hakuagizwa awafundishe watu kujisikia salama. Aliagizwa itengwe miji sita, mitatu ng'ambo moja ya Yordani na mitatu ng'ambo ya pili, ili aliyeua bila kukusudia apate pa kukimbilia. Miji yenyewe ina majina: Hebroni, Shekemu, Golani na mingine. Kumbukumbu la Torati 19 inaongeza kwamba njia ya kufika huko itengenezwe. Njia! Mungu aliwazia hadi barabara. (Barabara za huku kwetu sizitaji, nitamaliza ukurasa.)

Na wamisionari, ambao siku hizi ni kawaida kuwasema, katika hili walitushinda. Watumwa waliookolewa baharini walipopelekwa Freretown, Mombasa, katika miaka ya 1870, walikuta ardhi, nyumba na kengele ya kuwatahadharisha maadui wakija. Ndiyo sababu mpaka leo makanga wa Nyali anaita abiria wa Kengeleni. Huko Rabai watoro walizidi kumiminika misheni, mabwana wao wakaja juu, na mambo yakafika mahali ambapo mwaka wa 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ilibidi atafute fedha za fidia ili zaidi ya watoro elfu moja wapewe hati za uhuru. Elfu moja, wenye miguu na njaa. Laiti wangemkuta mhubiri wetu wa Jumapili, wangerudishwa kwa mabwana wao wakiwa wamefarijika sana.

Mfano wa karibu zaidi? Mwaka 1992, akina mama waliokuwa wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa walipigwa na polisi pale Uhuru Park, Wangari Maathai akazirai. Waliinuka wakaenda Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, wakafunguliwa chumba cha chini, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Serikali ya Moi ilikuwa nje. Kuna mtu pale alishika ufunguo akaamua. Huyo ndiye ningependa atuhubirie.

Nilipomuuliza mzee mmoja wa kanisa letu kwa nini mama yule asilale ukumbini, walau siku tatu, nilijibiwa hivi: spika zitaibwa. Nilidhani ananitania. La, alikunja uso kabisa. Spika mbili, mikisa na kinanda, mali ya maelfu. Basi nikaelewa mpangilio wa mambo. Katika nyumba ya Bwana, spika ina chumba, ina turubai la kuzuia vumbi na kijana wa kuilinda usiku kwa malipo. Binadamu ana upendo. Na spika hizohizo ndizo zinazotunyima usingizi kila kesha, kijiji kizima, wagonjwa na watoto wachanga, zikitangaza mpaka alfajiri kwamba njooni kwa Yesu mpumzike. Tungepumzika zikizimwa. Zilinunuliwa kwa harambee ya mwanasiasa, naye hakukosa kutukumbusha. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024, Jimbo Kuu la Nairobi lilipokataa pesa alizotoa Rais katika kanisa la Soweto. Lakini nimepotoka njia, turudi kwa mhubiri wetu.

Kuna watakaosema mhubiri alikuwa anafariji tu, neno jema halina madhara. Halina? Watu wakifundishwa miaka nenda rudi kwamba nyumba ya duniani ni takataka na makao ya kweli yako kwingine, hatimaye hutokea wa kuliamini neno hilo sawasawa. Shakahola, Kilifi, watu waliacha mashamba na kazi wakaenda msituni kumtafuta Mungu kwa njaa. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mhubiri alikuwa na la kusema. Sheria ya Urithi inatumika Kenya tangu 1981. Kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na anayevunja amekosa kosa la jinai. Mashemeji wale walioezua mabati wamo kanisani, safu ya nne, mmoja wao anaimba besi. Ingetosha mhubiri ageuze shingo kidogo tu. Angeweza pia kumpeleka mama kwa chifu kesho yake apate barua ya kuanzia kesi, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Hiyo isingevuna makofi.

Mnataka kujua alilala wapi? Kwa mama mmoja anayepika kaluvu, karibu na soko. Mama huyo kanisa lilimtenga kwenye meza ya Bwana miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya pombe hiyo, na akipita barabarani akina mama wa chama huangalia upande. Alisogeza mitungi, akatandika gunia na blanketi, akamkorogea mtoto uji wa wimbi. Mlango wake ni wa bati na unafungwa kwa kipande cha waya. Nilipokwenda Jumatatu jioni nilimkuta mtoto sakafuni akifanya hesabu za kutoa kwenye daftari, wateja wawili wakimsaidia, wote wakikosea.

Jana nikarudi kanisani kuomba ufunguo wa ukumbi. Mzee hakuniudhi, alinikaribisha vizuri hata akanipa kiti. Akaniambia ufunguo uko kwa mweka hazina, na mweka hazina hawezi kuutoa bila kamati, na kamati hukaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Leo ni tarehe 9.