Vita ilipita Mlali, watoto waambiwe

Kwa wazee, walimu na wazazi wa Mzumbe, Changarawe na Mlali,

Huku Hamburg tu wazima. Baridi tumeizoea, kodi ya nyumba bado. Leo siandiki kwa ajili ya mchango wa harusi wala rambirambi. Nataka tuzungumze habari za vita.

Msishtuke. Tangu utotoni tumeimbishwa kwamba Tanzania ni kisiwa cha amani, tukadhani amani huota yenyewe kama majani ya masika. Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu uliogeuka ghasia. Sisi tulio mbali tulishinda tukipiga simu zisizopita, intaneti imezimwa, hatujui nani mzima. Siasa zake siziingizi humu. Nasema tu kwamba vijana waliokuwa barabarani na vijana waliovaa sare ni rika moja, wamekalia madawati yale yale, na madawati yale yaliwafundisha kupiga makofi amani inapotajwa. Vita inakula nini, hakuna aliyewaambia.

Na vita ilishapita hapo hapo kwetu. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini, na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakirudi nyuma. Wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Enslin, wakatangulizwa kuikamata Mlali ili kuziba njia ya magharibi ya Uluguru. Pakapiganwa. Tarehe 26 mji wa Morogoro ukachukuliwa, Wajerumani wakashika njia za milimani kwenda Kisaki, Waingereza nyuma yao. Mwisho wa yote pande mbili zikakaa zinatazamana kwenye Mto Mgeta hadi Januari 1917.

Wakubwa hao wana vitabu vyao, wametosha. Mimi namuulizia aliyebeba mzigo. Farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo, magari yakazama kwenye tope, ikabaki kichwa cha mtu. Kila upande ulikusanya wanaume vijijini, wengine kwa kamba, na chakula cha vijiji kikaenda nao. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakaribia laki moja, na wengi hawakufa kwa risasi: ni kuhara, homa ya mapafu na njaa. Mjini Morogoro yapo makaburi ya vita hiyo, mawe yamepangwa kwa mstari, majina yamechongwa. Wapagazi wengi hawana jiwe. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Radhi hiyo ilitolewa Uingereza. Sijui kama ilifika Mlali.

Hapa ninapoishi watoto hupelekwa Neuengamme, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi pembeni mwa jiji hili, ambako walikufa zaidi ya watu 42,000. Binti yangu alirudi kutoka huko na jina moja, la mfungwa mmoja, amepewa kazi ya kulifuatilia: alizaliwa wapi, alikuwa fundi wa nini. Wiki nzima mezani tulimzungumzia mtu huyo kama ndugu. Hilo nimelipenda. Lakini shule yake haikuwahi kumgusia Majimaji, vita iliyoanza 1905 na kuangamiza watu wetu kwa makumi ya maelfu, huku jeshi lililowaua likitumwa na nchi hii. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha. Shule ya binti yangu bado haijamfuata. Kwa hiyo sisemi tuwaige Wajerumani kwa kila kitu. Tuchukue lile la jina moja.

Majina tunayo. Mjomba wangu alikwenda Kagera akitokea mgambo, mwaka ule Amin alipovamia, 1978. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza aliua wangapi, alinijibu habari za miguu. Walitembea hadi Masaka, soksi zikagandamana na ngozi, wakizivua zinatoka na nyama. Kampala ilipoangushwa, Aprili 1979, yeye alikuwa anatafuta kandambili. Shuleni sisi tulifundishwa tarehe na ushindi. Miguu ya Mjomba haikuwemo. Wenzake waliobaki sasa wanakaribia miaka 70 au wameipita. Tukichelewa kidogo, tutabaki na gwaride tu.

Na Mazimbu je? Vijana wa Mzumbe hupita Morogoro kila wiki, wangapi wamefika kwenye yale makaburi ya Waafrika Kusini? Hapo ilikuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la mpiganaji wake Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Huo ndio umri wa mwanafunzi wa chuo chetu.

Ombi langu kwa walimu wa historia. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, msiishie kwenye hotuba. Wapelekeni kidato cha pili Mlali, kila mmoja atwishwe ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, wapande njia ya Mgeta hata nusu saa. Hizo ni kilo 20. Mzigo wa mpagazi ulikuwa mzito zaidi, na aliubeba siku nzima kwa unga kidogo. Wakishatua ndoo, ndipo muwasomee habari za 1916. Jioni waende wawili wawili kwa mzee aliyepigana Kagera au mama aliyebaki nyumbani akimngoja, waulize alikula nini, alilala wapi, alimpoteza nani. Warekodi. Simu zile mlizowanyang'anya na kuzifungia kabatini zitoeni siku hiyo moja.

Wazee, ninyi nawaombeni msiwaambie ushujaa peke yake. Waambieni na mliyoyaona ambayo hamkupenda kuyaona. Na mwenye jina la babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, hata kama ni jina moja tu la ukoo, alipeleke kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu naye liandikwe kwenye daftari.

Wenu,
mtoto wa Mzumbe, Hamburg