Karatasi ya Afya Ipimwe na Mama

Karatasi za mafundisho ya afya hukaguliwa na daktari kabla ya kugawiwa. Ni vema, lakini haitoshi.

Tulimpa mama mmoja wa Genkuru karatasi ya kuchanganya ORS kwa mtoto anayeharisha. Aliisoma bila kukwama. Tulipomwomba achanganye, alimimina pakiti nzima katika kikombe cha chai! Karatasi ilisema "lita moja", naye nyumbani hana kipimo cha lita. Dawa nzito namna hiyo humzidishia mtoto chumvi mwilini, nayo ni hatari.

Kosa ni la karatasi, si la mama. Tuliandika: "chupa mbili za nusu lita, zijae maji safi." Akafaulu.

Basi twaziomba parokia: kabla ya kugawa karatasi, mpeni mama asome, na bibi asomewe kwa Kikuria. Wasiseme tu "tumeelewa", watende mbele yenu. Wakikosea, rekebisheni karatasi. Na zile za zamani zikaguliwe upya: tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF hushauri mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14.

Karatasi isiyotendeka haiokoi mtoto.