HISA BILA HESABU NI HASARA

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi wanajua vema kwamba kikosi hakihamishwi kambi bila mpango. Kabla ya lori la kwanza kuondoka, mkuu wa ugavi huwa amekwisha kuhesabu mafuta, chakula na siku za safari. Hata hivyo wako miongoni mwetu watu ambao huhamisha mali zao kwa namna ambayo wasingethubutu kuhamisha hata gunia moja la maharagwe ya kikosi.

Siku hizi si familia chache za askari zenye mtoto au ndugu aishiye Uingereza. Wengine wamo katika jeshi la nchi hiyo, ambalo huandikisha vijana kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Wengine huajiriwa na makampuni ambayo huwauzia wafanyakazi wao hisa kwa bei nafuu, kwa kukata mishahara yao kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu au mitano. Muda ukiisha, kijana humpigia simu baba yake aliye kambini akimwuliza: hisa hizi niziweke wapi? Hatuna budi kumsaidia baba huyo apate jibu la maana.

Yafaa ieleweke kwamba tangu tarehe 6 Aprili 1999 Serikali ya Uingereza imekuwa na akaunti ya akiba iitwayo ISA. Hisa zilizomo ndani yake hazitozwi kodi juu ya gawio wala juu ya faida ya kuziuza. Mtu mmoja aweza kuingiza humo hadi pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, ambao huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili. Nje ya akaunti hiyo mambo yamekuwa magumu. Faida ya mauzo isiyotozwa kodi ilikuwa pauni 12,300 kwa mwaka hadi Aprili 2023. Tangu Aprili 2024 imekuwa pauni 3,000 tu. Gawio lisilotozwa kodi nalo limeshushwa hadi pauni 500. Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wanaikimbilia ISA.

Lakini kuikimbilia ni jambo moja, na kuingia bila hasara ni jambo jingine. Kwa kawaida sheria hairuhusu hisa za mtu kuingizwa moja kwa moja katika akaunti hiyo. Humlazimu kwanza aziuze, aingize fedha, kisha azinunue tena akiwa ndani. Katika safari hiyo hukutana na watoza ushuru wanne. Wa kwanza ni dalali, ambaye huweza kudai malipo kwa kuuza na malipo mengine kwa kununua. Wa pili ni tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Wa tatu ni ushuru wa stempu, ambao ni nusu ya pauni katika kila pauni 100 za ununuzi. Wa nne, aliye mkali kuliko wote, ni kodi ya faida, ambayo ni asilimia 18 au 24 kwa kadiri ya kipato cha mtu.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye hisa za pauni 10,000 alizozinunua kwa pauni 6,000. Faida yake ni pauni 4,000. Akiziuza zote kwa siku moja, na hana msamaha mwingine, pauni 1,000 zitatozwa kodi, naye atalipa pauni 180 au 240, mbali na pauni 50 hivi za stempu. Lakini kama atauza robo tatu kabla ya tarehe 5 Aprili, faida yake itakuwa pauni 3,000 kamili na hatalipa kodi hiyo hata senti. Robo iliyobaki ataiuza mwaka mpya wa kodi ukianza. Ikiwa ana mke au mume wanayeishi pamoja, sheria yawaruhusu kupeana hisa bila kodi, na kila mmoja atumie msamaha wake na nafasi yake ya pauni 20,000.

Iko njia iliyo bora zaidi, nayo ndiyo inayosahauliwa. Hisa zilizopatikana katika mipango ya wafanyakazi iliyokubaliwa na sheria zaweza kuhamishiwa ISA bila kuuzwa, mradi zihamishwe katika siku 90 tangu mfanyakazi alipozinunua au zilipotoka katika mpango. Hapo hapana kodi ya faida wala stempu. Thamani yake tu ndiyo huhesabiwa katika zile pauni 20,000. Siku ya 91 mlango huo hufungwa. Basi baba atakapopigiwa simu, swali lake la kwanza liwe: mwanangu, umebakiwa na siku ngapi?

Aidha yapo mambo mawili yanayowahusu askari. Kwanza, ISA ni ya mkazi wa Uingereza, lakini askari wa nchi hiyo anayetumikia ng'ambo huruhusiwa kuendelea kuweka akiba yake humo. Pili, kijana akirejea nyumbani kabisa, aweza kuiacha akaunti yake huko, ila hawezi kuiongezea fedha. Wala asidhani kwamba msamaha wa London ni msamaha wa Kampala. Sheria ya Uganda humtoza mkazi wake kodi hata juu ya mapato yatokayo nchi za nje. Mshahara wa mwanajeshi na wa polisi hapa kwetu umesamehewa kodi ya mapato. Lakini msamaha huo ni wa mshahara wa kazi, si wa gawio. Wako wenzetu wanaochanganya mambo haya mawili, na kosa hilo laweza kuwagharimu.

Tunatoa wito kwa maofisa wa elimu vikosini wayaeleze mambo haya katika mafunzo yao, hasa kwa askari wanaokaribia kustaafu. Akiba ya askari ni jasho la miaka mingi, wala si haki iliwe na madalali na kodi ambazo sheria yenyewe imeonyesha njia ya kuziepuka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Askari na afungue daftari lake kabla hajatia sahihi.