Ulinganishaji wa Magari ya Turbo: Haki Iko Wapi?

Ubishi kuhusu magari ya kifahari yenye turbo umeingia hata katika vyumba vya walimu, ambako wengi wetu hufika kwa matatu. Mmoja hushikilia Mercedes-Benz, mwingine BMW, na wa tatu huapa kwamba Audi haina mpinzani. Wote hutoa tarakimu: nguvu za farasi kadha, sekunde kadha kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Kisha huzuka mwanafunzi wa fizikia akadai kwamba si haki kuilinganisha injini ya turbo na ile isiyokuwa nayo, kwa kuwa ya kwanza "imesaidiwa". Mimi ni mwanaisimu, si fundi. Lakini ubishi wowote unaosimama juu ya neno "kuliko" unanihusu.

Hebu kwanza tuitazame turbo yenyewe (wala simaanishi ule mji wa Uasin Gishu). Moshi unaotoka kwa kasi katika injini hulizungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo hulizungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo huweza kuongezwa, na nguvu hupanda pasipo injini kuwa kubwa. Nguvu hiyo haikuibwa popote. Ni sehemu ya joto na mwendo ambayo ingalipotelea katika bomba la moshi, sasa imetiwa kazini. Kuiita hila ni sawa na kumlaumu mkulima kwa kuyakinga maji ya mvua yaliyokuwa yakimwagika kutoka paani pake.

Katika mashindano, hata hivyo, dai la mwanafunzi wetu lina mashiko. Tangu mwaka 1966, kanuni za Formula 1 ziliiruhusu injini ya kawaida kuwa ya lita 3, na ile inayoshindiliwa hewa lita 1.5 tu. Renault ilipoingia na turbo mwaka 1977, ilianza safari ambayo mwishowe ilizifanya turbo zipigwe marufuku kuanzia mwaka 1989, hadi ziliporejeshwa mwaka 2014. Katika mbio za magari za miaka ya 1980, ukubwa wa injini ya turbo ulizidishwa kwa 1.4 kabla ya gari kupangiwa kundi. Ndiyo maana Audi Sport Quattro ilipewa injini ya sentimita za ujazo 2,133: ukizidisha, hupati 3,000. Haki ilikuwa imegeuka hesabu, na wahandisi wakaijenga injini kuifuata hesabu. Sisi wenyewe tuliyaona matunda ya turbo mwaka 1987, pale Audi 200, gari kubwa la starehe, liliposhinda Safari Rally mikononi mwa Hannu Mikkola, na jingine la aina iyo hiyo likashika nafasi ya pili likiendeshwa na Walter Röhrl.

Lakini mnunuzi si mshindani. Yeye hulipia gari zima, wala hana haja ya kuzidishiwa wala kupunguziwa chochote. Kwake yeye, kulilinganisha gari la turbo na lisilo la turbo ni haki kabisa. Dhuluma imo katika yale ambayo tarakimu hazisemi.

Chukua BMW M5. Ile iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na injini ya lita 5 isiyo na turbo, farasi 507, na kwa mujibu wa watengenezaji ilifikia kilomita 100 kwa sekunde 4.7. Iliyofuata mwaka 2011 ilikuwa na lita 4.4, turbo mbili, farasi 560 na sekunde 4.4. Ya mwaka 2017 ilibaki na lita 4.4 na turbo mbili, ikafika farasi 600, na muda ukashuka hadi sekunde 3.4. Tazama vyema: farasi 53 waliondoa sehemu tatu za kumi za sekunde, ilhali farasi 40 waliondoa sekunde nzima! Siri si turbo. Giaboksi ilibadilishwa, naam, lakini jambo kubwa ni kwamba gari hilo la tatu lilisukuma kwa magurudumu yote manne, na mawili yaliyotangulia yalisukuma kwa ya nyuma tu.

Sasa tuje kwetu. Neno "kuliko" limeundwa kwa ku-li-ko: mna mahali ndani yake. Tarakimu za kiwandani hazina mahali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Yenye turbo huweza kuongeza mzunguko na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo magari mawili yanayokaribiana Mombasa yaweza kuachana mbali Nairobi, na anayekopa benki kwa kuamini tangazo haambiwi hivyo. Wala haambiwi kwamba farasi 560 wa Kijerumani ni 552 wa Kiingereza, au kwamba majarida ya Marekani aghalabu hayahesabu sentimita 30 za kwanza za mwendo. (Sheria yetu, nayo, hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa.)

Walimu wanaujua uchungu huu. Wamewahi kuona shule ya kutwa isiyo na maabara ikipangwa katika orodha moja na shule ya kitaifa, kwa wastani wa alama pekee.

Ningependa mwalimu wa Kiswahili alitwae tangazo moja la gari la turbo, alibandike ubaoni, na awatake wanafunzi walijaze: kasi kuliko lipi, mahali gani, kwa petroli ipi, kwa magurudumu mangapi yanayosukuma, na nani aliyeshika saa? Kisha waliandike upya kwa sentensi kamili. Nadhani litakuwa refu mara tatu kuliko lilivyokuwa.