Miti Isiyokuwamo Katika Ramani

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeingia jeshini baadaye, alinitembelea akanieleza jinsi ulinzi wa anga unavyojaribiwa siku hizi ndani ya kompyuta. Rada huwekwa juu ya kilima cha takwimu, ndege ya adui hurushwa, kisha mashine hutoa hukumu: imeonekana au haikuonekana. "Mwalimu," akasema, "ardhi yote imo mle." Nikamwambia haimo. Tulibishana hadi chai ikapoa, nami bado nimesimama pale pale.

Ardhi ya kompyuta ni nukta za mwinuko zilizopangwa kama mashimo ya mahindi. Katika aina moja waliyoizoea wanajeshi, nukta huachana kwa mita 90 hivi. Kilichopo katikati hukisiwa; kilele chembamba kikiangukia hapo, kimekatwa kichwa.

Watasema nukta zimeongezwa. Kweli. Chombo cha Endeavour kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu kwa siku 11, Februari 2000, na takwimu za mita 30 zilipoanza kutolewa kwa umma mwaka 2014, Afrika ilitangulia. Nashukuru. Lakini penye msitu mnene rada ile mara nyingi ilipima majani, si udongo. Na ramani za kontua huonyesha udongo, haziyajui majani. Asiyejua ameshika ipi anacheza bao gizani.

Nilimchorea pembetatu zile zile nilizomfundisha. Rada iko usawa mmoja na mgongo wa kilima kilicho kilomita 2 mbele. Juu ya mgongo huo ota miti ya mita 20, ambayo kompyuta haina. Kilomita 30 kutoka kwenye rada, miti hiyo huficha kila kilicho chini ya mita 300 juu ya usawa huo, kabla hatujahesabu mviringo wa dunia, unaoficha zaidi. Ndege iendayo mita 250 kwa sekunde huzimaliza kilomita hizo kwa dakika 2. Vijana walioketi kwenye mizinga, walioambiwa kwamba wanaona, watapoteza sehemu ya dakika hizo kwa ajili ya mikaratusi (ambayo sisi walimu ndio tuliohimiza ipandwe).

Siipingi kompyuta. Napinga asilimia zinazotolewa mwishoni bila neno moja juu ya miti, kisha zikatumiwa kununulia makombora na kupanga vikosi. Kabla ya kutia sahihi, afisa avae viatu, apande kilima, asimame pale rada itakapokaa, atazame. Mwanafunzi wangu akasema hakuna fungu la safari. Fedha za makombora zipo, mafuta ya gari moja hayapo?