40 na 25 si 4025

KUTOKA BONDENI
Na Namkunda Mshana

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Ndungu alikuja kibarazani jioni, uso umemkunjamana, simu mkononi. "Shikamoo shangazi. Wamenifungia swali."

Amemaliza kidato cha nne, anajifundisha kuandika programu kwa lugha ya Python. Alitaka kumtengenezea mama yake programu ndogo ya kuhesabu magunia ya mpunga yanayoingia stoo. Ilipogoma, aliwaandikia wataalamu kwenye tovuti ya maswali ya programu: "Programu yangu haifanyi kazi, naombeni msaada." Akaambatanisha picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, mwanga wa taa umefunika nusu yake. Kabla ugali wa kwao haujaiva, swali lilikuwa limefungwa lisijibiwe: maelezo hayatoshi. Yeye alisoma: wewe hutoshi.

Nimefundisha kompyuta sekondari kwa miaka kadhaa, na nimeona vijana wazuri wakiiacha kazi hii kwa kusoma vibaya maneno hayo mawili.

Wakulima wa mpunga watanielewa upesi. Skimu yetu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ina hekta zipatazo 680 zinazonyweshwa na mto Yongoma. Mpunga ukianza kuwa wa njano, mtu hukimbilia duka la pembejeo: "Mpunga wangu unaumwa, nipe dawa." Dawa ya nini? Unjano huletwa na upungufu wa naitrojeni, huletwa na ukosefu wa maji, huletwa na kimyanga. Naitrojeni ikipungua, majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo hutangulia kubadilika, na urea huurudisha mpunga. Kimyanga hujionyesha kwa madoa na michirizi ya njano kwenye majani machanga, na mche hudumaa. Huo ni ugonjwa wa virusi, ulitambuliwa kwanza Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, na hakuna chupa ya dukani inayouponya. Ukiwahi, unang'oa miche iliyougua na kuiteketeza.

Sasa, muuzaji asiyejali atakupa chupa na kupokea hela. Mwaminifu atakurudisha: nenda kaniletee jani, niambie umepanda Saro 5 au mbegu gani, umepandikiza lini, mbolea uliweka lini. Siku hiyo utaondoka mikono mitupu na umenuna. Lakini huyo aliyekataa kukujibu ndiye aliyeyachukua maradhi ya shamba lako kwa uzito wake.

Nikamwambia kijana, "Kaa, mwanangu, tulifungue wenyewe. Uliingiza namba gani?"

"40, halafu 25."

"Ulitegemea nini?"

"65."

"Ukapata nini?"

"4025."

Akanyamaza, akaitazama ile 4025 kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Python hupokea kila kinachochapwa na mtumiaji kama maandishi, hata kiwe tarakimu tupu. Ukijumlisha maandishi mawili, inayaunganisha, la kwanza likifuatwa na la pili. Ni lazima kwanza uiambie kwamba hizo ni namba. Majibu yake matatu kwangu yalikuwa na kila kitu ambacho swali lake lilikosa.

Na hata angeyaandika vizuri namna hiyo, huenda wangelifunga tena, safari hii kwa sababu lilishaulizwa. Wanaoanza Python hujikwaa hapohapo kila siku. Hilo nalo lisimuumize. Ukifungiwa kwa sababu hiyo huwa unaonyeshwa na mahali jibu lilipo, na jibu ndilo ulilokuja kutafuta.

Lakini siwasamehe wafungaji wote. Mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili anatupiwa sentensi moja ya Kiingereza, mlango unafungwa. Maelezo gani hayatoshi? Ni namba alizoingiza, au mistari ya programu, au ujumbe wa kosa? Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma inapomnyima mwananchi taarifa imweleze sababu. Mtaalamu wa programu habanwi na sheria hiyo, najua. Ila ubinadamu uleule unamhusu: ukimrudisha mtu njiani, mwambie alichosahau nyumbani. Maneno kumi yanatosha.

Kijana alibadilisha mstari mmoja, akaendesha programu upya, skrini ikaandika 65. Akamwita mama yake aje aone.

Walimu wenzangu wa kompyuta, kuanzia Same mjini hadi Kihurio, nawaomba jambo moja muhula huu. Kabla mwanafunzi hajaandika mstari wake wa kwanza wa Python, mwandikisheni kwenye daftari mistari hii mitatu: nimefanya nini, nilitegemea nini, nimepata nini.